Kata ya Sigifridi

Iringa ni mji wa jiwe linaloongea.
Nani angetunza siri chini ya Gangilonga?
Mwaka ule wa mvua za Elninyo
anwani ya barua pepe ilikuwa moja kwa Miomboni nzima:
ukitumiwa neno, lilishukia kwa Sigifridi,
chumba cha nyuma ya duka la vitambaa,
kompyuta imefunikwa kitambaa cha kufuma.
Alichapa. Alisoma. Ndipo alipokunja.
Shilingi mia tano kwa ukurasa,
uvumi bure.

Hivyo ndivyo mama mkwe alivyojua kabla yangu
kwamba Galusi kafeli mtihani wa kwanza huko Norwei.
Wauza vitunguu wa soko kuu walinipa pole
sijui nimefiwa na nini.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Kata yetu ilivaa miwani, ikinywa chai ya tangawizi.

Galusi akaandika, safari hii kwa stempu na gundi:
ipo programu inayogeuza barua kuwa makapi,
na makapi kuwa barua, kwa mwenye ufunguo tu.
Itafute.

Nikaitafuta usiku, maana usiku simu ni nafuu.
Modemu ikalia kama mbuzi aliyekabwa.
Ukurasa ukashuka mstari kwa mstari,
picha ya kufuli kwanza, nusu saa baadaye swali:
Je, unaishi Marekani, au Kanada?
Nilikuwa nimevaa sweta mbili na soksi za mume wangu.
Sigifridi akanong'ona nyuma ya bega:
"Weka Kanada, mwalimu. Kanada pia kuna baridi."

Lakini mimi nimelelewa na masista wa Tosamaganga.
Nikabonyeza Hapana.
Mlango ukafungwa kwa adabu:
kitu hiki ni sawa na silaha, hakivuki mpaka.
Mimi, wa hesabu za darasa la sita,
chaki kwenye kucha,
nimenyimwa silaha.

(Nilipofika nyumbani ndipo nilipocheka:
aliyekesha nami kutafuta mlango
ndiye niliyetaka kumfungia nje.)

Galusi akaitia kwenye diski mbili,
diski akazitia kwenye glavu za sufu.
Miezi miwili. Kitonga ilikuwa imemeguka,
malori yamelala yakitazamana.
Posta wakaufungua mzigo, wakazipima glavu mkononi,
wakaandika: nguo.

Diski ya kwanza ikasomeka.
Ya pili ilikuwa imeota ukungu.
Sigifridi akaichokonoa, akaifuta kwa pamba na spiriti,
akiipulizia kama uji wa mtoto,
mpaka mashine ikakubali kuinong'oneza.

Kisha programu ikaniomba jambo geni:
piga herufi zozote, ovyo, usifuate mpango.
Miaka kumi na minne nafundisha watoto wafuate mpango.
Nikapiga. Vidole vikaona haya, halafu vikazoea.
Ufunguo ukazaliwa, na kufuli lake:
kufuli mpe yeyote, ufunguo kaa nao.
Sasa chagua neno la siri.

Nikasita.
Sigifridi akainuka bila kuambiwa,
akatoka, akasimama barazani, manyunyu yakimpiga,
mgongo mlangoni,
mpaka nilipomwita.

Jibu lilikuja Alhamisi.
Akalichapa kwa mazoea, kurasa tatu,
herufi na tarakimu zimerundikana kama pumba za mahindi.
"Elfu moja na mia tano," akasema. "Hata makapi yanakula wino."
Nikalipa.
Sokoni wakamzunguka: Galusi kasemaje?
Nasikia alifuta miwani muda mrefu,
akajibu: "Muulizeni mwenyewe."

Nilipolifungua, peke yangu, mashine ikipumua joto magotini,
aliuliza kama viazi vimechipua,
kama paa la jikoni bado linavuja upande ule ule,
na kama ni mimi niliyechukua soksi zake.
Hakuna hata moja lililostahili kufuli.

Nikalifunga tena.